Akina Mama na Kazi ya Upatanishi
Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kazi yangu katika chama hiki ni kuandika barua na kutunza majalada, wala si kuhutubu. Lakini Halmashauri imeniagiza niwaeleze habari ya nauli ya akina mama, na kwa kuwa mimi ndimi niliyeiandika ile barua ya kukataa, naona hainipasi kukimbia.

Mtakumbuka ya kwamba mwaka juzi tuliletewa nafasi moja ya mafunzo ya upatanishi katika nchi jirani, mafunzo ya majuma mawili, kwa mwanamke ambaye chama kingemchagua. Chakula na malazi vilikuwa juu ya wenyeji. Sisi tulitakiwa kutoa nauli tu. Halmashauri ilijibu kwamba fedha za chama ni za mazishi, karo na ugonjwa. Nililiandika jibu hilo, nikaliona lina busara. Miezi mitano baadaye tulitoa fedha za kuwazika vijana wawili waliouawa katika ugomvi wa kisima, nazo zilizidi ile nauli mara tatu. Sisemi ya kwamba mwanamke mmoja mwenye mafunzo angaliuzuia ugomvi ule. Hayo hakuna ayajuaye. Nasema tu kwamba majalada hayo mawili yamo katika kabati moja, na kila nilifunguapo nayaona.

Wako wazee wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: tangu lini suluhu ya damu ikawa kazi ya wanawake? Nitawajibu kwa habari ya Wajir, katika nchi yetu hii hii, mahali ambapo neno la mzee lina uzito kama hapa kwetu au zaidi.

Tangu mwaka 1992, katika siku za ukame na uchaguzi, koo za Wajir zilipigana, na watu wengi wakafa. Uadui ukaingia mpaka sokoni, hata mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu mmoja, Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa huko Wajir mwaka 1964. Usiku mmoja wa mwaka 1993 risasi zililia karibu na nyumba yake, akajificha chini ya kitanda pamoja na mtoto wake. Kulipokucha mama yake akamwambia kwamba yeye naye alijificha vivyo hivyo katika miaka ya 1960, na mtoto aliyemkumbatia ndiye Dekha mwenyewe. Tafadhali lipimeni neno hilo. Wanawake wa vizazi viwili, na woga ule ule chini ya kitanda.

Mwaka huo huo, baada ya arusi moja, wanawake wachache wa koo mbalimbali walikaa wakashauriana. Hawakuanza na mambo makubwa. Walianza na soko: kila mwanamke awe huru kuuza na kununua, wa ukoo wowote, na wawekwe waangalizi wa kutazama ugomvi unapozuka. Soko lilipotulia, wakawaendea wazee. Hapa naomba wanaohofu wasikilize vema, maana wanawake wale hawakukalia viti vya wazee. Waliwasihi wazee wakutane, na wazee wa koo ndogo zisizokuwa katika vita wakakaa katikati. Likatoka Azimio la Al Fatah la mwaka 1993. Vijana, wenye biashara na Serikali wakaingia, na mwaka 1995 ikaundwa Halmashauri ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Kamati za amani za wilaya nyingine za Kenya zilifuata mfano huo.

Ujasiri wa wanawake wale haukutoka darasani, na asiyekuwa nao hatapewa na mwalimu. Lakini ujasiri peke yake huchoka. Dekha alijifunza kazi hii, kisha akawa mwalimu wa wapatanishi wa nchi nyingi, na mwaka 2000 yeye na wenziwe watano walitoa kitabu cha mafunzo. Humo ugomvi umefananishwa na kitunguu: ganda la nje ni yale watu wanayoyasema, la ndani yake ni yale wanayoyataka, na kiini ni yale wasiyoweza kuishi bila ya kuyapata. Katika kisima chetu sisi tulibishana juu ya ganda la nje mwaka mzima. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood, na mwanzoni mwa mwaka 2008, nchi yetu ilipokuwa ikiwaka moto, alikuwa miongoni mwa wale waliokutana Nairobi kutafuta njia ya kuuzima. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya gari.

Liberia vilevile. Mtandao wa wapatanishi wa Afrika Magharibi, wenye makao yake Accra, ulianza mwaka 2001 kuwafundisha wanawake wa nchi zile, kwa juhudi za Thelma Ekiyor wa Nigeria. Leymah Gbowee wa Liberia alikuwa mmoja wao. Mwaka 2003 yeye na wenzake, Wakristo kwa Waislamu, walivaa nyeupe wakakaa juani karibu na soko la samaki la Monrovia, siku baada ya siku, bila ya kurusha hata jiwe. Mazungumzo ya Accra yalipokwama, waliizuia milango wakuu wasitoke. (Tishio alilolitoa Gbowee siku ile sitalitaja mbele ya wazee, wanaolijua wanatabasamu.) Mapatano yalitiwa sahihi Agosti mwaka huo. Kukaa juani hivyo huku ukitukanwa, usijibu, ni jambo la kuzoezwa kama askari anavyozoezwa gwaride.

Basi Halmashauri yaomba nauli ya wanawake wawili, si mmoja. Aendaye peke yake hurudi peke yake, na neno lake hupotea. Mmoja atoke upande wa juu wa kisima na mmoja upande wa chini, wasafiri katika basi moja. Tena yaombwa posho kidogo ya nyumba zao, kwa kuwa mama mwenye watoto wadogo hawezi kuondoka majuma mawili bila ya mtu wa kushika jembe na chungu. Na wakirudi, wapewe nafasi barazani kueleza waliyojifunza, wazee wakiwapo. Hili la mwisho halina gharama, ila naona ndilo litakalobishaniwa zaidi.

Barua ya pili ya mwaliko imefika, nami sijaijibu. Jibu latakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Nangoja mniambie niandike nini.