Masalio ya Uzi na Heshima ya Kazi

Maneno yaliyosemwa mbele ya watu wa mitaa na walimu wa shule katika siku za Jubilei



Katika siku hizi za Jubilei wenzetu wamekwisha kusema habari za majengo na za watu waliotutangulia, nao wamesema vema. Sisi tumepewa neno dogo, nalo ni habari ya uzi. Si uzi mpya utokao dukani, bali uzi wa masalio, yaani vipande vilivyobaki kikapuni baada ya kazi kwisha, na uzi uliomo ndani ya sweta kuukuu iliyotoboka viwiko. Twataka kuonyesha jinsi uzi huo uwezavyo kufumwa tena, kwa sindano mbili au kwa kroshia, ukawa nguo njema. Tena twataka kujibu neno moja lisemwalo chumbani zaidi kuliko barazani, kwamba nguo ya masalio ni nguo ya aibu.

Neno hili si la kupuuzwa. Katika nchi za milimani yuko mtoto aendaye shule asubuhi ya baridi, naye sweta ameiacha nyumbani kwa kuogopa kuchekwa na wenzake. Yuko na mama asiye na fedha, ambaye huona afadhali mtoto atetemeke kuliko kumvika nguo ya rangi tatu. Baridi haimwonei haya mtu. Basi hatuna budi kuuliza, aibu hii yatoka wapi?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1813, katika mji wa Batley, jimbo la Yorkshire huko Uingereza, mtu mmoja jina lake Benjamin Law alipata njia ya kuyarudisha matambara ya sufu kuwa nguo. Matambara yalichanwa mpaka yakawa nyuzinyuzi, yakachanganywa na sufu mpya, yakasokotwa na kufumwa kitambaa. Kitambaa hicho kiliitwa shoddy. Watu wa miji ile wakapata kazi, na wengi wasioweza kununua nguo ya sufu mpya wakapata nguo ya kuwakinga na baridi.

Lakini mwaka 1861 Wamarekani walipopigana wao kwa wao, zilitakiwa sare za askari nyingi kwa haraka. Wafanya biashara wengine, kwa tamaa ya faida, wakatoa nguo za kitambaa cha namna hiyo kilichotengenezwa ovyo. Askari wakazivaa, zikawararukia mwilini kabla ya siku nyingi kupita. Tangu wakati ule lile jina likageuka kuwa neno la dharau, na hata leo asemaye Kiingereza akitaka kuitukana kazi mbovu, hulitumia lilo hilo.

Sasa pimeni wenyewe. Kosa lilikuwa la nani? Halikuwa la matambara, kwa maana matambara yaliwavika watu wengi miaka mingi kabla ya hapo. Kosa lilikuwa la mikono iliyofanya haraka, na la moyo uliosema, "Hii yatosha kwa wale." Basi hili ndilo jibu letu: masalio si aibu, kazi mbovu ndiyo aibu.

Tena tutazame jambo la pili, la nchi ile ile ya Uingereza. Wakati wa vita vikuu vya pili, tangu tarehe 1 Juni 1941, serikali iliamuru nguo zigawiwe kwa kipimo. Kila mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na baadaye zikapunguzwa. Uzi wa sufu wa kufumia nao haukununuliwa bila kuponi. Mwaka 1943 serikali ikatoa kitabu kidogo kiitwacho Make Do and Mend, kuwafundisha watu kutengeneza nguo kuukuu, na kufumua zilizofumwa ili uzi wake utumike tena. Sweta ya baba ikawa sweta ya mtoto, na iliyobaki ikawa soksi. Mambo yakaendelea hivyo hata kuponi za nguo zilipoondolewa mwezi wa Machi 1949. Wenye mali na wasio na mali walifumua pamoja, na kwa kuwa wote walifanya, hapakuwa na wa kumcheka mwenzake.

Wala sisi hatukosi mifano kwetu. Wanawake wa Kikuyu na wa Kikamba, mafundi wa kusuka vyondo, tangu zamani walitumia nyuzi za maganda ya miti, kisha katani. Na baadaye wakaingiza nyuzi za sufu, nyingine zimefumuliwa katika sweta kuukuu. Hapana aliyekidharau chondo kwa ajili hiyo, maana kimesukwa barabara. Na leo sokoni, katika marundo ya mitumba, ziko sweta ziuzwazo kwa bei ndogo sana kwa sababu ya tundu moja. Mwenye macho haoni tundu tu, huona na madonge ya uzi.

Basi tueleze kazi yenyewe, ili mwalimu arudipo shuleni awe na la kufundisha.

Kwanza, ni kuchagua. Geuzeni sweta ndani nje, mtazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kila kipande kina ukingo wake uliofumwa, mfano wa mnyororo mdogo, uzi utatoka mrefu bila kukatika. Lakini ikiwa vipande vilikatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa mashine, iacheni, kwa kuwa kila mstari utatoka kipande kifupi peke yake. Iacheni na ile ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto ikagandamana, maana haifumuki.

Pili, ni kujua uzi ni wa namna gani. Kateni kipande kidogo, mkishike kwa koleo juu ya sahani, mkichome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi. Nailoni na akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Msiunganishe sufu na pamba katika nguo moja, kwa kuwa sufu hurudi ikikutana na maji ya moto na msuguano, pamba haifuati, na nguo itapindika.

Tatu, ni kufumua. Fungueni mishono kwa subira, kisha mwanze juu shingoni, kwa maana sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu, na uzi hutoka vema ukianzia ulikoishia. Uzungusheni katika mgongo wa kiti, mfunge mahali panne usije ukatatizana, mfue kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Msiukamue kwa kuusokota. Uanikeni kivulini, mning'inize kitu chepesi chini yake, na yale mapindo yatanyooka. Ukikauka ndipo muufanye madonge.

Nne, ni kuunga. Ncha mbili za sufu hulowanishwa kidogo, zikalazwa pamoja na kusuguliwa kwa nguvu viganjani mpaka zishikamane. Uzi wa pamba na wa nailoni haukubali njia hiyo. Huo ncha zake zisokotwe kwa sindano ndani ya vitanzi, upande wa nyuma, urefu wa kidole. Msiache fundo mahali panapogusa mwili wa mtoto.

Tano, ni kupima kabla ya kuanza. Fumeni kipande cha sentimita 10 kila upande, mkifue, mkianike, ndipo mhesabu vitanzi. Na uzi wa mikono miwili ugaweni kwa mizani kwanza, rangi kwa rangi, ili mkono wa kushoto usiwe mwekundu hata kiwikoni na wa kuume usipate wekundu kabisa. Rangi zikipangwa kwa mistari iliyohesabiwa, mtazamaji husema, "Hivi ndivyo alivyotaka." Zikitiwa ovyo, husema, "Hivi ndivyo alivyoishiwa." Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya heshima na kicheko.

Vipande visivyotosha sweta vifanyeni miraba ya sentimita 15. Miraba 48, sita kwa upana na minane kwa urefu, hutoa blanketi la mtoto la sentimita 90 kwa 120. Darasa la wanafunzi 24 likifuma miraba miwili kila mmoja, blanketi limepatikana. Haba na haba hujaza kibaba. Fulana za pamba zilizochakaa nazo zikatwe utepe mmoja mrefu, upana wa sentimita mbili na nusu, ukizunguka kiwiliwili bila kukatika. Utepe ukivutwa hujikunja, na kwa kulabu nene ya mti hufumwa mkeka wa mlangoni. Wala asiseme mtu kwamba hana sindano. Watoto wengi wamejifunza kufuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa na kulainishwa juu ya jiwe.

Ninyi walimu, tuna neno nanyi. Msiwape watoto masalio kana kwamba ni mchezo wa kupitisha saa ya mwisho. Mkiruhusu kitanzi kilichoanguka kibaki kimeanguka kwa sababu uzi ni wa kuokota, mtakuwa mmewafundisha kwamba kitu cha bure hakistahili bidii. Na mafundisho hayo hayatakoma katika uzi. Kazi iliyoharibika ifumuliwe mpaka penye kosa, ianzwe tena. Uzi una rehema: hukubali kuanzwa upya.

Na ninyi akina mama wa vyama vya mitaa, mnaofuma nguo za kuwapa wazee, yatima na wagonjwa, twawaomba mshike sheria moja tu. Kabla ya kutoa blanketi, livuteni pande zote kwa mikono miwili, mlifue mara moja, kisha kila mmoja ajiulize, "Je, ningemfunika nalo mtoto wangu mwenyewe?" Akijibu ndiyo, litolewe kwa furaha. Akijibu sivyo, lirudi kikapuni. Maskini akipewa kitu kibovu hasemi neno, hushukuru. Lakini usiku, mishono inapoachana na baridi kuingia, yajua nafsi yake kwamba amehesabiwa kuwa mtu wa namna gani. Tusimwandikie mtu yeyote barua ya namna hiyo kwa uzi.

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Walijua thamani ya kitu kilichokwisha kututumikia. Basi tunawaomba watu wa kila mtaa, katika mwaka huu wa Jubilei, waweke kapu moja shuleni au nyumbani kwa mwalimu, kila mwenye sweta kuukuu au donge lililosalia alitie humo. Na siku moja ya juma wajuao wakae na wasiojua, wanaume pia wasikose, maana sindano haiulizi. Kabla ya majira ya baridi ya mwaka ujao, kila mtaa uwe umetoa blanketi moja lililo imara. Moja tu, lakini la kweli.

 Sasa mikono na ianze kazi.