Imani ya Amri na Imani ya Elimu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa jua na mwezi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu wa Nachingwea na Ruangwa, na nyote mnaotusikiliza majumbani na vyuoni!

Misri ya kale iliabudu miungu mingi, mkuu wao akiitwa Amuni. Yapata mwaka 1350 kabla ya Nabii Isa alitawala Farao Amenhotep wa Nne. Katika mwaka wa tano wa utawala wake alijiita Akhenaten, akajenga mji mkuu mpya mahali paitwapo leo Amarna, akaielekeza ibada kwa Aten peke yake, yaani duara la jua. Jina la Amuni likafutwa kwa patasi katika kuta za mahekalu.

Tusidanganyike: hiyo haikuwa Tauhidi. Jua ni kiumbe. Nabii Ibrahim aliliona likitua, akajitenga na ushirikina wa watu wake. Tena mfalme alijiweka baina ya raia na huyo Aten. Si ajabu, basi, kwamba katika nyumba za mji huohuo zimechimbuliwa sanamu ndogo za miungu ya zamani. Baada ya miaka 17 Farao alikufa. Kijana Tutankhaten akawa Tutankhamun, Amuni akarudishiwa mahekalu, na mawe ya majengo ya Aten yakajazwa ndani ya malango ya Karnak.

Tutazame kwetu. Baada ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu wa bara ya Lindi walisilimu kwa wingi. Hapakuwa na sultani aliyewaamuru. Walitawala Wajerumani, kisha Waingereza. Walimu wa vyuo na masheikh wa tarika walifundisha kijiji kwa kijiji. Tawala hizo zimekwenda. Mradi wa karanga ulioamriwa kutoka London mwaka 1947 ulivunjwa mwaka 1951, na reli ya Nachingwea ikang'olewa baadaye. Adhana ingali inasikika.

Lakini asijivune mtu. Husali Ijumaa, na mwanawe akiugua hukimbilia ramli: huyo naye ameficha sanamu nyumbani. Na mzazi amwondoaye mtoto chuoni hukata mizizi kwa mkono wake. Tuwafundishe watoto wetu kumjua Mola wao kwa elimu, si kwa kufuata wakubwa.

Ewe Mola, tuthibitishe katika Tauhidi, sisi na vizazi vyetu. Amin.