Neno Moja Nyuma ya Pazia



Wasichana wa kambi moja ya likizo huko Msambweni walichagua kisa cha Malkia Esta kiwe mchezo wao wa usiku wa mwisho. Sisi tuliojitolea kuwasaidia tuliunganisha leso ziwe pazia, tukawasha kandili, kisha tukakaa nyuma.

Aliyekuwa Esta alifika mbele ya mfalme, akanyamaza. Maneno yalimpotea. Sisi tuliyajua yote, na ilikuwa rahisi kumsemea. Tukamnong'oneza neno moja tu. Akalishika, akasema yaliyobaki kwa sauti iliyowafikia akina mama walioketi mwisho kabisa.

Mordekai naye alifanya hivyo. Hapo mwanzo alimwagiza Esta asitaje kabila lake; hatari ilipokuja, akamhimiza aseme. Yeye mwenyewe, akiwa amevaa gunia, hakuweza kupita lango la mfalme.

Ndugu, binti zetu tumewafundisha sana kunyamaza. Tangu 1994 sera ya elimu ya Kenya humruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Lakini ni nani atakayemwambia baba kwamba anataka kurudi, kama si yeye? Basi tumpe neno, tukae karibu, tumwombee, kama Wayahudi wa Shushani walivyofunga siku 3 kwa ajili ya Esta.

Bwana awape binti zetu ujasiri wa kusema, nasi atupe subira ya kuwangoja. Amina.