Koba Alikuwa na Haki?

Mhadhara wa umma uliotolewa Bukavu



Tangazo lilisema nitazungumzia uhakiki wa sanaa, na najua wapo waliokuja wakitegemea riwaya. Nitazungumzia sokwe. Hasa nitazungumzia ubishi ambao kila mkazi wa mji huu mwenye kijana nyumbani ameshausikia, apende asipende: kati ya filamu za Sayari ya Sokwe, ipi ndiyo kiboko, ipi ni upuuzi, na je, Koba alikuwa na haki? Ubishi huo unawaka kwa vinyozi wa Kadutu, kwenye vibanda vya Nyawera wanakojaza filamu kwenye flashi, na katika vyumba vya kupanga vya wanafunzi kule Panzi. Dai langu ni kwamba huo ni uhakiki kamili wenye vigezo vyake, na kwamba vigezo hivyo vinaona mambo ambayo wahakiki wa New York na Paris waliyapita bila kugeuza shingo.

Kwa wasiofuatilia, niende haraka. Pierre Boulle, Mfaransa, alichapisha riwaya yake mwaka 1963. Kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mhandisi katika mashamba ya mpira ya Malaya, enzi za Waingereza. Wazee wetu waliochuma chai na kubandua magome ya kwinini katika mashamba ya Wabelgiji hapa Kivu hawatashangaa kwamba hadithi ya bwana na mtumwa kubadilishana nafasi ilimjia mtu wa shamba. Hollywood ikaichukua: filamu tano kati ya 1968 na 1973, moja ya Tim Burton mwaka 2001, kisha nne za sasa, ambazo sisi tunazijua kwa majina yake ya Kifaransa: Les Origines ya 2011, L'Affrontement ya 2014, Suprématie ya 2017 na Le Nouveau Royaume ya 2024. Jumla kumi. Vijana wengi wameona hizo nne tu. Wazee waliokuwa na kanda za video wanaapa kwa ile ya kwanza.

Ile ya kwanza ilipigwa picha katikati ya mwaka 1967. Mwezi Agosti, wakati Charlton Heston akimaliza kazi yake Marekani, mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji huu, wakaukalia hadi Novemba. Silitaji hilo ili kutafuta maajabu kwenye kalenda. Nalitaja kwa sababu ya mwisho wa filamu, pale Taylor, anayeigizwa na Heston, anapoanguka mchangani mbele ya Sanamu ya Uhuru iliyovunjika na kutambua kwamba sayari hii ya sokwe ni dunia yake mwenyewe. Wamarekani walitoka kwenye sinema wameduwaa. Mzee mmoja wa Nguba, ambaye mwaka 1967 alikuwa mtoto aliyevushwa Mto Ruzizi mgongoni kwa mama yake, aliniambia kwamba mwisho ule haukumtisha hata kidogo. Kuona mji wako umebomoka kulikuwa jambo alilolijua. Kilichomtisha kilikuwa kizimba.

Hapo nataka tukae kidogo.

Mwaka 1904 Samuel Verner, aliyekuwa mmishonari kisha akageukia biashara, alimtoa kijana aitwaye Ota Benga katika Kongo ya Leopold akampeleka Saint Louis kwenye maonyesho ya dunia. Septemba 1906 kijana huyo akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya kizimba, pamoja na orangutani aliyeitwa Dohong. Watu walimiminika kwa maelfu kumtazama. Wachungaji weusi, James Gordon akiwa mbele, ndio waliopiga kelele mpaka akatolewa. Mwaka 1916, huko Virginia, Ota Benga alijiua. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi mwaka 2020.

Sasa itazameni tena filamu ya 1968. Mtu yuko ndani ya kizimba, amejeruhiwa koo, hawezi kusema. Mbele yake amesimama mkuu wa wasomi, Daktari Zaius, ambaye ni orangutani, na kazi yake yote ni kuthibitisha kwamba kiumbe huyu hana akili. Mtazamaji wa Los Angeles aliambiwa kwamba hii ni dunia iliyopinduliwa juu chini. Mtazamaji wa Kongo anayemjua Ota Benga haoni kilichopinduliwa. Anaona kizimba kilekile, ila safari hii mzungu ndiye aliyewekwa ndani, na ndiyo maana ghafla kimekuwa kisa cha kutisha. Tofauti hiyo ya macho ndiyo inayonifanya niseme tuna uhakiki wetu.

Filamu ya nne, ya 1972, ndiyo iliyolikaribia jambo hilo kwa ujasiri zaidi. Sokwe wamefanywa watumishi wa mjini: wanabeba, wanafagia, wanapigwa, halafu wanaasi. Waliotengeneza filamu waliufikiria uasi wa Watts wa 1965, na mshauri wa gavana, MacDonald, ni mtu mweusi anayemsihi kiongozi wa waasi asilipize kisasi. Mwisho wa awali ulikuwa mkali mno. Watazamaji wa majaribio wakashtuka, na studio ikabandika maneno ya huruma juu yake. Unauona mshono. Ni aibu kwamba flashi za Nyawera hazina filamu hiyo.

Turudi kwenye zile wanazozibishania. Wengi huziona kwa Kifaransa. Wengine huziona katika nakala zilizosimuliwa: msimulizi anazungumza juu ya sauti za filamu, anatafsiri, anaongeza, anatukana, anacheka. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Nairobi ina DJ Afro, Kampala ina VJ Jingo, na ng'ambo ya mto wapo wasimulizi wa Kinyarwanda ambao nakala zao huvuka mpaka pamoja na nyanya. Msimulizi ni mhakiki wa kwanza. Akiamua kumwita Koba msaliti tangu dakika ya kumi, ukumbi mzima umeshahukumu kabla ya ushahidi. Nimeona vijana wawili wakigombana juu ya filamu moja kumbe kila mmoja ameletewa Koba wake.

Koba ni nani? Ni bonobo mwenye jicho moja bovu na mwili uliojaa makovu ya maabara. Katika filamu ya 2014, miaka kumi baada ya homa kuua sehemu kubwa ya wanadamu, Caesar anawaongoza sokwe msituni karibu na San Francisco. Wanadamu waliobaki mjini wanakaribia kuishiwa mafuta. Wanataka kufufua bwawa la umeme, na bwawa liko ndani ya msitu wa sokwe. Caesar anakubali waingie. Koba anamwonyesha makovu yake moja baada ya jingine: hii ndiyo kazi ya wanadamu.

Hebu fikirieni hadithi hiyo inavyopokewa hapa. Sisi tunaishi kwa Ruzizi; bwawa la pili la mto huo linalisha nchi tatu, na hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba bwawa ni siasa. Nilikuwa katika chumba kilichojaa wanafunzi, jenereta ikiunguruma nje, pale umeme unaporudi kwenye filamu: taa za kituo cha mafuta zinawaka, muziki unaanza kucheza, watu wanakumbatiana. Chumba kizima kilipiga kelele ileile mtaa unayopiga umeme ukirudi baada ya siku tatu. Msichana aliyekaa mbele yangu alikwishachomoa chaja mfukoni kabla hajakumbuka kwamba ni filamu. Hakuna ukumbi wa Paris uliowahi kuielewa sehemu ile kwa vidole vyake. Na ni usiku uleule wa taa ambapo Koba, kwa bunduki aliyoiiba kwa kujifanya mjinga mbele ya walinzi walevi, anampiga risasi Caesar na kuwasingizia wanadamu.

Kambi ya Koba ina hoja nzito. Wanasema alisoma ghala la silaha wakati Caesar akisoma nyuso. Wanasema mji huu umeshaona makubaliano mengi, Lusaka mwaka 1999, Sun City, Goma mwaka 2008, na kila mara aliyeamini karatasi ndiye aliyekutwa amelala. Kambi ya Caesar inajibu kwamba bila Koba vita visingeanza usiku ule. Hapo kinyozi huzima mashine na kugeuka, na mteja hubaki na kichwa nusu.

Kuna malalamiko ya pembeni ambayo nayaheshimu. Bonobo hapatikani porini popote duniani isipokuwa nchini mwetu, kusini mwa Mto Kongo, na wanaomchunguza wanamsifu kwa upole kuliko ndugu yake sokwe mtu. Kwa nini katili mkuu wa mfululizo awe yeye? Vijana wanaona tumetukanwa. Mimi naona kinyume: Koba hakulelewa msituni, amelelewa na sindano. Kama hata mnyama yule amefundishika kuua, basi anayehukumiwa ni mwalimu wake. Anayetaka kuona filamu ya 2011 inavyoanza, kwa sokwe kukamatwa msituni na kutiwa masandukuni, aende Lwiro, kule njia ya Kavumu. Tangu 2002 kituo kile kinapokea yatima walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Wapo wenye alama ya kitanzi cha waya mkononi. Simama mbele ya wavu, mmoja wao akukazie macho, halafu urudi kumjadili Koba.

Sasa niseme ninakosimama. Koba aliijua historia vizuri kuliko Caesar. Haki yake ilikwisha pale alipomrusha Ash, kijana wa sokwe wenzake, kutoka ghorofani kwa kukataa kumuua mwanadamu asiye na silaha, na pale alipowafunga sokwe waliobaki na Caesar. Mtetezi wa ndugu aliyeishia kuwafunga ndugu: jimbo hili limewaona kadhaa, na sihitaji kuwataja.

Lakini ubora wa filamu hii hauko kwa Koba. Uko katika dakika moja ya mwisho ambayo wabishi wengi huiruka. Sokwe wana sheria: sokwe hamuui sokwe. Koba ananing'inia juu ya shimo na kumkumbusha Caesar sheria hiyo. Caesar, mwenye busara, mpendwa wetu, anamjibu kwamba yeye Koba si sokwe, kisha anamwachia. Ukumbi hushangilia. Mimi hupata baridi kila mara. Sheria haikuvunjwa, aliyeilinda amemtoa tu mhusika kwenye orodha ya wanaolindwa nayo. Ndivyo Ota Benga alivyowekwa pamoja na Dohong. Ndivyo tunavyosikia hapa, kwenye redio na kwenye mabasi, jirani akiambiwa kwamba si wa hapa, wiki chache kabla ya nyumba yake kuungua. Watengenezaji walijua walichofanya, maana katika filamu ya 2017 Koba anamrudia Caesar usiku baada ya usiku, na hakuna sheria ya kumfukuza mzimu.

Kuna shutuma moja dhidi ya filamu zote kumi, na nimeisikia kwa mtu asiyepita mlango wa chuo. Alikuwa Mtwa kutoka upande wa Kalehe, amekaa nyuma kabisa, na alipoulizwa yuko kambi gani alisema wenye msitu hawaonekani. Sokwe wana msitu, watu wa mji wana bwawa. Wale waliokuwa wakiishi ndani pamoja na wanyama wako wapi? Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Watwa wakatolewa. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ilikiuka haki zao. Gorila nao hawakustarehe: kabla ya vita walikadiriwa 17,000 mashariki mwa Kongo, mwaka 2016 wakahesabiwa 3,800, na hesabu ya 2021 ikarudi 6,800. Filamu zinajua pande mbili tu. Mtu yule alihitaji sentensi moja kuonyesha pengo la zaidi ya miaka 50 ya sinema.

Kuhusu ile ya 2024, ambamo sokwe aitwaye Proximus anatawala kwa jina la Caesar na kuyapotosha maneno yake, sina haja ya kueleza mengi katika nchi ambayo kila mgombea anahutubia chini ya picha ya Lumumba. Ni filamu nzuri iliyo ndefu mno.

Mmeniomba orodha, na mmeilipia kwa kupanda mlima kuja hapa. Kwanza ya 2014. Pili ya 1972, pamoja na mshono wake. Tatu ya 1968. Nne ya 2017, ambayo ingepanda kama Kanali wake, adui wa Caesar, angepunguziwa hotuba. Kisha ya 2011, na ya 2024. Za 1970, 1971 na 1973 zipangeni wenyewe. Mkiani ni ya 2001; juu ya hilo vinyozi wa Kadutu, wanafunzi wa Panzi na mzee wa Nguba wanakubaliana, na ni jambo pekee nililowahi kuona wakikubaliana.

Sasa naomba mnibishie.