Yeremia Hakuambiwa Azae

Wanandoa vijana wakimaliza mwaka bila mtoto, maswali huanza. Shangazi huuliza kwa utani, mama mkwe bila utani. Wakijitetea kwa kodi ya nyumba, karo na vibarua visivyo na uhakika, hujibiwa kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Riziki ya Mungu ikishatajwa, nani atabisha?

Mimi nabisha, na shahidi wangu ni nabii Yeremia. Wahubiri wanaipenda sana barua yake kwa mateka waliohamishiwa Babeli na Nebukadneza, ile ya sura ya 29. Watu wamepoteza nyumba na nchi, naye anawaagiza wajenge, wapande bustani, waoe, wazae, wasipungue. Anayesema kuzaa zama hizi ni ukatili, aisome sura hiyo polepole.

Kisha arudi nyuma hadi sura ya 16. Humo Mungu yuleyule anamkataza Yeremia mwenyewe kuoa na kuzaa katika nchi yake, maana watoto wa nchi ile wangekufa kwa maradhi, upanga na njaa. Nabii mmoja, janga lilelile, maagizo mawili. Sijasikia sura ya 16 ikisomwa harusini, na siwalaumu wachungaji: pilau ingepoa.

Kwa Waislamu, Suratul Israa inakataza kuua watoto kwa hofu ya umaskini, na wapo wanaoivuta aya hiyo hadi kwenye kupanga uzazi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakufika huko. Katika kitabu chake, Ihyaa, aliruhusu azli, yaani mume kujizuia ili mkewe asishike mimba, na miongoni mwa nia alizozikubali ni kuhofia mashaka ya watoto wengi, ingawa kwake kumtegemea Mungu kulikuwa bora zaidi. Miongoni mwa nia alizozikataa ni kuogopa kuzaa binti.

Papa Fransisko naye, akirudi kutoka Manila mwaka 2015, alisema Mkatoliki mwema halazimiki kuzaa kama sungura. Mwaka 2022 akasema wanaofuga mbwa na paka badala ya kupata watoto wana ubinafsi. Wapo walioona amejipinga. Mimi naona alikuwa akisema na watu wawili tofauti, kama ilivyokuwa kwa Yeremia.

Hapa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata 3.4. Waliopunguza ni waumini hawahawa wanaojaza makanisa na misikiti, wakaamua wenyewe chumbani, bila kumuuliza imamu wala padri.

Basi anayewahimiza vijana kwa jina la riziki awajibu na hili: mtoto akilazwa, bili ya hospitali italipwa kutoka sadaka ya Jumapili ipi?