Safu Inayokosekana

Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi wa sekondari mlioketi ngazi za nyuma: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Mnaona lugha yetu imeshatupanga kwa umri hata kabla sijaanza. Sina ugomvi na mpango huo; heshima kwa mkubwa ni urithi mwema. Swali langu la leo ni hili: je, kuna wakati heshima hiyo hugeuka kuwa kisingizio cha kumdhulumu mdogo?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana Dar es Salaam, mvulana mmoja wa kidato cha tatu alichelewa namba siku nne mfululizo. Mkuu wa shule alikuwa ameniidhinisha kutoa adhabu, nikamchapa viboko vitatu. Kisha nikajaza kitabu cha adhabu kama kanuni zinavyotaka: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyechapa. Mkuu akatia saini. Kila kitu kilikuwa sawa.

Wiki iliyofuata nilimkuta mvulana yule kituoni saa kumi na mbili kasoro. Daladala ikaja, konda akaweka mkono mlangoni: “Denti mmoja tu! Wengine subirini.” Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na konda ana hesabu ya bosi ya kupeleka jioni. Mimi mtu mzima nilipishwa nikapanda. Yeye akabaki. Nilifika shuleni mapema nikasimama getini, fimbo mkononi, kuwasubiri wachelewaji.

Ndipo nilipokifungua tena kile kitabu. Kina safu nne, na hakuna hata moja ya maelezo ya mwanafunzi. Kanuni zilijali fimbo isizidi viboko vinne na zikajali nani aishike. Kwa nini ulichelewa, halikuwa swali.

Tutoke getini twende kwenye sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Basi mtu wa miaka 15, 16 au 17 ana majina mawili serikalini, na anayechagua aitwe lipi ni nadra kuwa yeye mwenyewe.

Mtazameni msichana wa miaka 15. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliona anafaa kuwa mke mzazi wake akiridhia, huku mvulana akisubiri hadi 18. Hapo aliitwa mkubwa. Lakini msichana huyohuyo akitaka kupima virusi vya UKIMWI, hadi mwaka 2019 sheria ilimtaka kwanza apate ridhaa ya mzazi. Hapo akawa mtoto. Akipata mimba akiwa shuleni, kwa miaka mingi mlango wa darasa ulifungwa nyuma yake, akabeba peke yake mzigo wa watu wawili. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi.

Kuhusu ndoa, mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Ushindi ule ulisimama zaidi juu ya jinsia: kwa nini msichana 15 na kaka yake 18? Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inapoorodhesha misingi ya ubaguzi inataja kabila, rangi, dini, jinsia na mengineyo, ila umri haumo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeutaja waziwazi katika ibara ya 27.

Mtaniambia: kwani kila mpaka wa umri ni dhuluma? Hasha. Sheria zetu zinakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Mipaka hiyo ni mwavuli. Kinachonisumbua ni mwavuli unaoshikwa na mtu mzima na kumkinga mtu mzima. Kwa hiyo kipimo changu ni chepesi: mpaka huu unamfaa nani? Ukimfaa kijana, tuulinde. Ukimfaa mzazi anayesubiri mahari, konda anayepigia hesabu viti, au mwalimu asiyetaka kuulizwa, basi tuuite kwa jina lake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, nimeyaona magoti yaliyochubuka. Ila methali hiyo haikumruhusu mkuu kuziba masikio. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Kusikilizwa si kukubaliwa. Yule mvulana angeweza kujieleza na bado nikamwona mkosefu. Lakini ningekuwa nimejua ninachomwadhibia.

Sikumwomba radhi. Nilihamishwa kabla hajamaliza kidato cha nne, na jina lake limebaki kitabuni pamoja na langu, safu mbili tu kati yetu.

Desturi ya ukumbi huu ni kuanza maswali na safu za mbele. Leo, kwa ruhusa yako, Mwenyekiti, kipaza sauti kianzie ngazi za nyuma.