Mkopo wa Serikali Sio Sadaka: Hotuba ya Mweka Hazina



Mwenyekiti ameshasema ya shangwe. Mimi niseme ya fedha, maana ndiyo kazi mliyonipa.

Mnakumbuka mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Mapato hayo ni nini, jamani? Ni ushuru wa soko na leseni, ni zile risiti tunazokatiwa tukishusha nyanya. Fedha imetoka kwetu, inarudi kwetu.

Sisi tulikopa mwaka 2019. Tukanunua cherehani nne, tukashona sare za shule. Majumbani unga na madaftari vikapatikana. Muuza vitambaa pale sokoni akapata wateja wa kudumu. Na mabinti wawili waliokuwa wakizunguka kutafuta kazi, tukawaajiri.

Lakini nisiwafiche wageni. Rejesho la tatu lilitushinda. Wapo waliosema, "Hela ya serikali hiyo, nani atatudai?" Tulikaa chini ya mwembe mpaka magharibi, tukanuniana. Mwishowe tukafungua sanduku, tukalipa kwa akiba yetu. Mgao wa mwaka ule ukawa mdogo. Mwenzetu mmoja alilia, maana alitegemea mgao huo anunue bati.

Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya wakaguzi kukuta vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Tuliolipa na wasiolipa, wote tukakosa. Mpaka mikopo iliporudi mwaka 2024, kilichotubeba ni hisa zetu za kila wiki.

Ndugu mgeni rasmi, ombi letu ni moja: maombi yajibiwe mapema. Sare zinauzika Desemba na Januari. Mkopo wa Machi unakuta msimu umepita.

Nanyi wenzangu, wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Tusipolipa, kikundi kinachosubiri nyuma yetu kinalala njaa. Tulipe. Na hisa tusiache hata wiki moja.

Yule mwenzetu bati ameshaezeka. Leo wageni watakula pilau kwake.